Nyonga Iliyokaza: Somo kwa Mcheza Gofu, Mkata Shoka na Mhudumu wa Afya

Utangulizi

Mgonjwa anapoingia katika chumba cha tabibu na kusema, "Nyonga yangu imekaza," huwa amesema jambo moja lenye maana nyingi. Yawezekana msuli wake umefupika kwa kukaa kitako kwa muda mrefu. Yawezekana gegedu la kiungo chake limelika. Yawezekana pia kichwa cha fupa la paja kimeanza kufa kwa kukosa damu, naye hana habari. Wa kwanza atapona kwa mazoezi. Wa pili atasaidiwa kwa mazoezi, dawa na mabadiliko ya kazi. Wa tatu akiambiwa ajinyooshe kwa bidii na avumilie, huenda akapoteza kiungo ambacho kingeweza kulindwa.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa zahanati na vituo vya afya, pamoja na wagonjwa wenyewe. Mifano yake imetoka Tabora na vijiji vya njia ya kale ya misafara. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza jinsi nyonga inavyofanya kazi, kutenganisha ukavu wa misuli na ugonjwa wa kiungo, kutambua dalili zisizongoja, na kufanya mazoezi machache yaliyo salama.

Watu wa njia moja, viungo vya namna mbalimbali

Burton na Speke walitoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba mwaka huo huo. Mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi, na katika kazi hiyo Wanyamwezi walikuwa na sifa kubwa kutoka Unyanyembe hadi pwani na hadi Ujiji. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia kilo 30, nao ulichukuliwa begani au kichwani. Kwa kila hatua mguu mmoja ulibaki nyuma ya mwili na nyonga ikanyooka. Mwendo huo wa kunyoosha nyonga nyuma, uliorudiwa maelfu ya mara kwa siku, ndio ambao mwili wa mtu wa leo huukosa zaidi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mzigo ukashuka kutoka mabegani mwa watu. Leo anayesafiri kutoka Tabora hadi Dar es Salaam hupita zaidi ya kilomita 800 akiwa ameketi. Dereva wa lori, fundi cherehani, karani na mwendesha bodaboda hukaa saa nyingi wakiwa wamekunja nyonga. Kwa upande mwingine, mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge huinama kutwa nzima, na mfuga nyuki hupasua magogo kwa shoka na kupanda miti ya miombo kutundika mizinga.

Katika orodha hii tumwongeze mcheza gofu. Mchezo huu una viwanja vyake nchini, kama vile Gymkhana ya Dar es Salaam, Lugalo, Morogoro na Arusha. Huenda msomaji wa Tabora akauona uko mbali naye. Hata hivyo, kwa mtazamo wa nyonga, anayezungusha fimbo ya gofu na anayezungusha shoka ni ndugu. Wote wawili husimama miguu imekanyaga imara, kisha huuzungusha mwili wote juu ya nyonga mbili. Nyonga ikikataa kuzunguka, sehemu nyingine ya mwili hulazimika kuifanya kazi hiyo.

Maumbile ya nyonga

Nyonga ni kiungo cha tufe na tundu. Kichwa cha fupa la paja, chenye umbo la tufe, hukaa ndani ya tundu la mfupa wa fupanyonga. Nyuso zote mbili zimefunikwa na gegedu, yaani tabaka laini na telezi. Kiungo kizima kimefungwa ndani ya mfuko mgumu wenye majimaji machache ya kulainisha. Nje ya mfuko huo kuna misuli: mbele ipo ya kukunja nyonga, nyuma ipo ya makalio inayoinyoosha, na ubavuni ipo inayozuia kiuno kisianguke upande tunaposimama kwa mguu mmoja.

Mambo matatu yafaa kukumbukwa.

Kwanza, nyonga hubeba uzito mkubwa. Mtu anapotembea, nguvu inayokandamiza kiungo hufika mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake, kwa sababu misuli ya ubavuni huvuta kwa nguvu ili kumweka wima. Ndiyo maana kupunguza kilo chache za mwili, au kushika mkongojo kwa mkono wa upande usiouma, huleta nafuu inayoonekana.

Pili, kichwa cha fupa la paja hupata damu kupitia mishipa membamba inayopanda kando ya shingo ya mfupa huo. Mishipa hiyo ikikatika kwa mvunjiko, au ikizibwa kama itokeavyo katika selimundu, kichwa hicho hufa polepole na mwishowe hubonyea.

Tatu, nyonga huenda pande nyingi. Kwa mtu mzima mwenye afya hukunjika hadi nyuzi 120 hivi, na hunyooka nyuma nyuzi 10 hadi 20. Huzunguka ndani takribani nyuzi 35, na nje takribani nyuzi 45. Mzunguko wa ndani ndio unaopotea mapema zaidi kiungo kinapougua. Mhudumu asiye na muda wa kupima mwendo wote wa nyonga, asikose kuupima huo mmoja.

Kwa nini kiuno hulipa deni la nyonga

Mcheza gofu anayetumia mkono wa kulia hurudisha fimbo nyuma huku mwili ukigeuka juu ya nyonga ya kulia. Kisha hupiga mpira, na mwili wote hugeukia mbele juu ya nyonga ya kushoto. Mwisho wa pigo, nyonga ya kushoto imezunguka ndani karibu na kikomo chake. Uti wa mgongo wa kiunoni, ukilinganishwa na nyonga, una uwezo mdogo sana wa kuzunguka. Pingili zake zote kwa jumla hutoa takribani nyuzi 10 tu kila upande, kwa kuwa zimeumbwa zaidi kwa kuinama na kuinuka.

Basi nyonga ikiwa kavu, kiuno huombwa kutoa kisichokuwa nacho. Mchezaji huja akilalamikia mgongo, hupewa dawa ya mgongo, hupumzika juma moja, kisha hurudi uwanjani na maumivu yakarudi naye. Vivyo hivyo mpasua magogo wa Sikonge. Kwa hiyo kila mwenye maumivu ya kiuno yanayojirudia akiwa kazini au mchezoni apimwe nyonga zote mbili kabla ya kuandikiwa dawa nyingine.

Mifano mitatu ya kufundishia

Watu watatu wafuatao si wagonjwa halisi. Wameundwa kwa ajili ya somo, lakini kila mhudumu atawatambua.

Wa kwanza ni mtumishi wa umri wa miaka 45 anayekaa ofisini siku tano na kucheza gofu akiwa likizo. Hahisi maumivu akitembea. Huhisi mvuto mbele ya paja anaponyooka baada ya kukaa, na kiuno humuuma baada ya mchezo.

Wa pili ni mfuga nyuki wa umri wa miaka 63. Kila asubuhi nyonga yake ya kulia hukaza kwa dakika kama ishirini, kisha hulegea. Maumivu yake yako kwenye kinena. Siku hizi hawezi kukata kucha za mguu huo, na kupanda mti ameacha.

Wa tatu ni msichana wa umri wa miaka 22 mwenye selimundu. Kwa miezi mitatu amekuwa akichechemea. Ameambiwa na jirani kwamba mishipa imekaza, naye hukandwa kwa maji ya moto kila jioni. Maumivu yake yako kwenye kinena na hushuka hadi gotini, hata usiku akiwa amelala.

Wote watatu husema neno lile lile: imekaza. Uchunguzi ndio utakaowatenganisha.

Uchunguzi usiohitaji mashine

Anza kwa swali la mahali: "Nionyeshe kwa mkono panapouma." Maumivu ya kiungo chenyewe kwa kawaida huwa kwenye kinena. Maumivu ya ubavuni, juu ya mfupa unaochomoza, mara nyingi ni ya kano za misuli ya makalio. Maumivu ya nyuma ya kalio yanayoshuka mguuni mara nyingi hutoka mgongoni. Tena, nyonga inaweza kuumiza goti. Mtoto anayelalamikia goti lisilo na kasoro yoyote lazima apimwe nyonga.

Kipimo cha kwanza: mwendo. Mwambie mgonjwa atembee, kisha asimame kwa mguu mmoja. Kiuno kikishuka upande wa mguu ulioinuliwa, misuli ya ubavuni ya mguu aliousimamia ni dhaifu au nyonga hiyo inauma.

Kipimo cha pili: kukaza kwa misuli ya mbele. Kipimo hiki kilianzishwa na Hugh Owen Thomas, tabibu wa mifupa wa Liverpool katika karne ya 19. Mgonjwa alale chali na kulikumbatia goti moja kifuani mpaka mgongo ugusane na kitanda. Paja la pili likibaki limelala kitandani, misuli ya mbele haijafupika. Likiinuka lenyewe, nyonga hiyo hainyooki kikamilifu.

Kipimo cha tatu: mzunguko. Mgonjwa aketi ukingoni mwa kitanda, magoti yamekunjwa, miguu ikining'inia. Mshike paja lisisogee, kisha upeleke unyayo nje polepole. Unyayo unapokwenda nje, fupa la paja huzunguka ndani. Linganisha pande mbili. Mzunguko wa ndani ulio chini ya nyuzi 15, hasa ukiambatana na maumivu ya kinena, ni ishara ya ugonjwa wa kiungo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Tofauti ya misuli na kiungo hujitokeza hapo. Msuli uliofupika huzuia mwendo wa upande mmoja, mgonjwa husema anavutwa, na mwendo huongezeka kidogo ukishikilia kwa utulivu. Kiungo kinachougua huzuia mwendo wa pande kadhaa, mzunguko wa ndani ukitangulia, na mwisho wake huwa mgumu au wenye kuchoma kinenani.

Turudi kwa watu wetu. Mtumishi ana paja linaloinuka katika kipimo cha pili, na mzunguko wake wa ndani umepungua kidogo pande zote mbili bila maumivu: huyu ana ukavu wa misuli. Mfuga nyuki ana mzunguko wa ndani wa nyuzi 10 upande wa kulia: yamkini gegedu limelika, naye anahitaji picha ya eksirei na mpango wa muda mrefu. Msichana hawezi kuzungusha nyonga ndani bila kulia: huyu asipewe zoezi lolote la kuvuta. Apewe magongo ili kupunguza uzito kwenye mguu huo, atulizwe maumivu, na apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Kitete kwa walio Tabora.

Hapa pana tahadhari kwa wenzetu wa vituoni. Katika hatua za mwanzo za kufa kwa kichwa cha fupa la paja, picha ya eksirei huweza kuonekana safi kabisa, ilhali kipimo cha MRI huonyesha tatizo. Picha safi kwa mwenye selimundu, kwa aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, kwa mnywaji wa pombe kupindukia au kwa anayeishi na VVU isiwe sababu ya kumrudisha nyumbani. Huyo aendelee na rufaa, hata kama itamfikisha Bugando mjini Mwanza au Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Dalili zisizongoja

Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya:

1. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga au kusogezewa mguu. Usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa muda mfupi sana, na kuchelewa kunaweza kumletea ulemavu wa maisha.

2. Kijana wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea huku mguu umegeukia nje. Huenda kichwa cha fupa la paja kimeteleza kutoka mahali pake. Asiendelee kutembea, abebwe.

3. Mtu mwenye homa ambaye hulala amekunja nyonga na kulia ukijaribu kuinyoosha. Huenda ana jipu katika msuli mkubwa wa ndani unaokunja nyonga. Huyu kwa nje hufanana na mwenye misuli iliyokaza, na kumnyoosha ni hatari.

4. Mzee aliyeanguka, hata kama ni kuanguka kidogo, na sasa hawezi kusimama, au mguu wake umekuwa mfupi na umegeukia nje. Mchukulie kuwa amevunjika mpaka picha ikanushe.

5. Aliyepoteza uwezo wa kuzuia haja, au aliyekufa ganzi sehemu za siri.

Kwa upande mwingine, mtu anayechechemea kwa miezi, anayepungua uzito, anayetokwa jasho usiku na ambaye paja lake limekonda, achunguzwe kifua kikuu cha nyonga. Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake.

Mazoezi kwa mwenye ukavu wa misuli

Mazoezi haya ni kwa mtu ambaye dalili za hatari zimeondolewa. Hayahitaji zaidi ya mkeka. Yafanywe siku tano kwa juma, baada ya kutembea dakika tano ili mwili upate moto.

La kwanza: piga goti moja juu ya mkeka, mguu mwingine ukiwa mbele umekanyaga. Kaza kalio la upande uliopiga goti, kisha usogeze kiuno mbele polepole bila kupinda mgongo. Utahisi mvuto mbele ya paja. Shikilia sekunde 30. Rudia mara tatu kila upande.

La pili: lala chali, magoti yamekunjwa. Weka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la pili, kisha uvute paja la chini kuelekea kifuani mpaka uhisi mvuto kwenye kalio. Shikilia sekunde 30. Rudia mara tatu.

La tatu: ukiwa bado chali, panua miguu kupita upana wa kiuno. Angusha goti moja ndani polepole, lirudishe, kisha la pili. Fanya mara 10 kila upande.

La nne: kunja magoti, kanyaga chini, inua kiuno mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja. Hesabu hadi tano, shuka. Fanya mara 10, pumzika, rudia mara mbili.

La tano: lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, ushushe taratibu. Fanya mara 10 kila upande, mizunguko miwili.

Mazoezi mawili ya mwisho ni ya nguvu, wala yasiachwe. Msuli ulionyooshwa bila kutiwa nguvu hukaza tena upesi.

Kanuni ya maumivu ni hii: mvuto katika msuli unaruhusiwa, mchomo wa ndani ya kinena ni amri ya kuacha. Maumivu yakizidi na kubaki zaidi ya siku moja, punguza kiasi. Pasipo nafuu yoyote baada ya juma la sita, rudi ukapimwe upya, maana huenda utambuzi wa kwanza ulikosea. Mwenye nyonga ya bandia asifanye mazoezi haya kabla ya kuongea na daktari wake wa upasuaji au mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa mcheza gofu, yako mambo mawili ya kuongeza. Kabla ya pigo la kwanza atembee, apungepunge miguu mbele na nyuma, na azungushe fimbo taratibu mara kadhaa. Kujinyoosha kwa kushikilia muda mrefu akuweke baada ya mchezo. Tena, akigeuza kidole gumba cha mguu wa mbele kielekee nje nyuzi 20 hadi 30, nyonga hiyo huombwa mzunguko mdogo zaidi. Mkata shoka naye afanye hivyo hivyo, na abadilishe mkono wa mbele kila baada ya muda. Dereva na fundi cherehani wasimame kila saa moja au mbili na kutembea dakika chache.

Neno kuhusu dawa

Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, lakini hazilegezi msuli uliofupika wala hazirudishi gegedu. Zikimezwa kila siku kwa majuma huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo, hasa kwa wazee na kwa wenye selimundu. Zisinunuliwe dukani mwezi baada ya mwezi bila ushauri. Vidonge visivyo na jina vinavyoahidi kumaliza maumivu yote viepukwe, kwa kuwa baadhi yake huchanganywa na steroidi, na steroidi ni mojawapo ya visababishi vya kufa kwa kichwa cha fupa la paja.

Maswali ya kujipima

1. Mzunguko upi wa nyonga hupotea kwanza kiungo kinapougua?
2. Mgonjwa ana homa na amekunja nyonga. Kwa nini usimnyooshe?
3. Picha ya eksirei ya mwenye selimundu ni safi, lakini kinena kinauma na nyonga haizunguki ndani. Utafanya nini?
4. Kwa nini mcheza gofu mwenye maumivu ya kiuno apimwe nyonga?

Majibu: (1) Mzunguko wa ndani. (2) Huenda ana jipu la msuli wa ndani au usaha kwenye kiungo. (3) Punguza uzito kwa magongo, tuliza maumivu, toa rufaa. (4) Nyonga isipozunguka, kiuno hulazimishwa kuzunguka kupita uwezo wake.

Hitimisho

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mtumishi wetu huzibwa kwa mkeka na dakika 15 za kila siku. Wa mfuga nyuki huzibwa kwa kupunguza uzito wa mwili, kushika mkongojo, kutia misuli nguvu na kumwachia kijana kazi ya kupanda mti. Na ikifika siku ambayo haya hayatoshi, upasuaji wa kuweka nyonga ya bandia upo nchini. Wa msichana hauzibwi kwa kukandwa. Kwake yeye, dakika mbili za kupima mzunguko wa nyonga katika zahanati ya kijiji, na barua ya rufaa iliyoandikwa siku hiyo hiyo, ndizo zitakazoamua kama ataendelea kutembea kwa miguu yake miwili. Mhudumu anayesoma haya leo, amwambie mgonjwa atakayefuata aketi ukingoni mwa kitanda, naye aanze kupima.